Karani Hakuondoka, Alihamia Saiba: Barua ya Wazi kutoka Molo

Kwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali; kwa Katibu wa Idara ya Uhamiaji na Huduma kwa Wananchi; na kwa magavana wa kaunti zetu, kuanzia Nakuru hadi Busia.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwenye saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, mjini Molo, Kaunti ya Nakuru. Nina kompyuta sita, printa mbili, skana moja iliyochoka, na kabati la chuma ambamo nimefungia madaftari manne makubwa ya jalada gumu. Ndani ya madaftari hayo mna majina ya wateja wangu, nambari za vitambulisho vyao, anwani zao za baruapepe na nywila zao. Sikuyaanzisha kwa nia mbaya. Niliyaanzisha kwa sababu mama niliyemfungulia akaunti mwezi Machi hurudi mwezi Agosti akiwa hakumbuki hata ile anwani ya baruapepe niliyomtungia mimi mwenyewe, na mfumo unapomtaka aingize nywila, hunigeukia na kuningoja, kama kwamba mimi ndiye niliyeulizwa. Ninawaandikia kwa sababu ya madaftari hayo.

Kabla sijalalamika, nitoe haki yenu. Ninakumbuka wakati ambapo mtu wa Keringet aliyetaka kusajili jina la biashara ya duka lake la pembejeo ilimbidi afunge safari hadi Sheria House, Nairobi, akalale kwa jamaa, na asubuhi aambiwe kwamba jina alilolichagua limeshachukuliwa. Leo jina hilo hulitafuta mbele yangu, na majibu huja kabla chai yake haijapoa. Vituo vya Huduma, vinavyokusanya huduma za serikali chini ya paa moja, na ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Nairobi mnamo Novemba 2013, vilitufikia Nakuru na kupunguza mengi yaliyokuwa yakipita chini ya meza. Jukwaa la eCitizen, la kupata huduma za serikali mtandaoni, lilipoanza mwaka 2014 lilikuwa na huduma chache. Rais alipolizindua upya tarehe 30 Juni 2023, tuliambiwa kwamba huduma zimepita 5,000. Sipingi safari hiyo, na wala sitamani kurudi kwenye mafaili ya kamba na bahasha za kaki. Isitoshe, safari hiyo ndiyo inayonilisha.

Hapo msomaji atasema kwamba mwenye saiba anachelea kitumbua chake kisitiwe mchanga. Na aseme. Ninayoyaomba hapa chini, mengi yatanipunguzia mapato.

Kila huduma inapohamia mtandaoni, maelezo huwa kwamba karani ameondolewa njiani na mwananchi sasa anashughulika na serikali moja kwa moja. Kutoka dirishani pangu naona jambo jingine. Karani hakuondoka. Alihamia saiba, akavua tai, na ujira wake sasa unatoka mfukoni mwa mwananchi, juu ya ada ya serikali na juu ya nauli. Karani wa zamani alikuwa na nambari ya kazi, msimamizi, kiapo cha kutunza siri, na dirisha ambalo mtu aliyekosewa angeweza kurudi kuligonga. Karani huyu mpya hana hata kimoja kati ya hivyo. Nikikosea tarakimu moja ya kitambulisho cha mzee, hakuna daftari la serikali litakaloonyesha kwamba ni mimi niliyekosea. Litaonyesha kwamba mzee mwenyewe, kwa akaunti yake na nywila yake, ndiye aliyetoa habari za uongo.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 22.6 walikuwa wakitumia intaneti na asilimia 10.4 kompyuta. Simu zimeongezeka tangu wakati huo, na sitaki kuzing'ang'ania takwimu hizo kupita kiasi. Lakini hata vijana wenye simu nzuri kuliko yangu hupanga foleni hapa. Kuwa na simu ya kutazamia video hakumsaidii mtu kupiga chapa, kuskani cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nane, kukipunguza hadi ukubwa wa faili unaokubaliwa, na kukipakia kabla fomu haijajifunga yenyewe kwa kuwa dakika zimekwisha. Mwezi Juni, siku za mwisho za kuwasilisha ripoti za kodi zinapokaribia, huja vijana ambao hawajawahi kupata mshahara, waliochukua PIN, yaani nambari ya mlipakodi, kwa sababu tu walihitaji kuomba mkopo wa chuo, na ambao wamesikia kwamba kuchelewa kuna faini ya shilingi 2,000. Stima hupotea saa nne asubuhi. Hurudi saa nane. Hakuna anayeondoka kwenye foleni.

Nieleze jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kwa kuwa nadhani wengi wenu huletewa picha ya skrini safi na kidole kinachobonyeza. Anakuja mama kutoka upande wa Olenguruone, ameshuka kwenye matatu na bodaboda, anataka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu anayeingia shule. Mfumo unataka nambari ya uthibitisho itakayotumwa kwa simu. Simu anayo, kabambe ya kawaida, yaani simu ndogo ya vibonyezo isiyo na intaneti, lakini laini ilisajiliwa kwa jina la mwanawe aliye Nairobi, na nambari iliyoandikwa kwenye akaunti ni ya huyo mwana. Tunampigia. Yuko mjengoni, hashiki. Tunangoja. Anaposhika, nambari ya uthibitisho imeshakwisha muda wake, tunaomba nyingine, nayo inafika mama akiwa ameshaanza kutazama saa ya gari la mwisho. Hapo bado hatujaandika hata jina la mtoto.

Na jina la mtoto lenyewe ni hadithi. Huku kwetu tunaishi akina Lang'at, Ng'ang'a, Chepng'eno na Nyang'au, na ile alama ndogo iliyo katikati ya jina si pambo. Ndiyo inayotofautisha sauti. Fomu moja ya serikali niliyoijaza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu huikataa alama hiyo na kuandika kwa wino mwekundu kwamba jina lina herufi zisizoruhusiwa. Basi Lang'at anaandikwa Langat ili fomu ipite. Mwaka unaofuata anakwenda kwenye mfumo mwingine, uliochukua jina lake kutoka kwenye kitambulisho ambacho kina alama, na mifumo hiyo miwili inapokutanishwa, inaamua kwamba hawa ni watu wawili. Nimeona baba akitakiwa aende kwa wakili kuapa kwamba yeye ni yeye. Aliyeitengeneza fomu hiyo huenda hakumwuliza mtu yeyote wa Kuresoi jina lake linaandikwaje, na kosa la nukta moja, ambalo mtaalamu angelirekebisha kwa asubuhi moja, limewagharimu watu siku za kazi zisizo na idadi.

Kuna pia lile la aibu. Mojawapo ya mifumo ya usajili humwuliza mtu paa la nyumba yake ni la nini, choo chake ni cha aina gani, anapikia kuni au gesi, ana ng'ombe wangapi. Maswali hayo yana sababu zake, kwa kuwa yanatumika kukadiria uwezo wa mtu. Lakini mwenye kuyauliza ni mimi, kwa sauti, kwa sababu mzee hasikii vizuri, na nyuma yake wamekaa majirani kumi wakingoja zamu yao. Nimejifunza kumvuta mteja kando na kunong'ona. Sikufundishwa na yeyote, na wenzangu wengi hawana hata hiyo nafasi ya kumvutia kando.

Kuhusu lugha sitasema mengi, kwa sababu Katiba imeshasema. Kifungu cha 7 kinataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha kinakitaja pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Molo ni mji wa Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii na wengine wengi, na tunapouziana viazi sokoni tunauziana kwa Kiswahili. Mifumo mingi ninayoifungua kila siku huanza na kumalizika kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kisheria ambacho hata mimi niliyemaliza kidato cha nne na kusomea kompyuta hukipitia mara mbili. Mteja hutia tiki mahali ninapomwambia atie. Akiambiwa kwamba amekubali masharti, kwa kweli amenikubali mimi. Rwanda, ambayo ni mwenzetu katika Afrika Mashariki na si nchi tajiri kuliko sisi, ina jukwaa lake la Irembo, nalo linapatikana kwa Kinyarwanda. Sioni ni ugumu gani ulio katika Kiswahili usiokuwa katika Kinyarwanda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa mlikumbuke hata mkisahau mengine yote. M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, wengi waliokuwa na simu walikuwa na kabambe. Hakuna aliyeambiwa atafute intaneti. Kila soko lilipata wakala, wakala akapewa nambari iliyoandikwa ubaoni ili kila mtu aione, kamisheni yake ikalipwa na kampuni kwa viwango vilivyojulikana, na mteja akatia sahihi kwenye daftari. Muhimu kuliko hayo yote, mteja aliingiza nambari yake ya siri mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe, na wakala hakuhitaji kamwe kuijua. Bibi asiyejua kusoma aliweza kutumiwa pesa na mjukuu wake bila kumwachia mtu ufunguo wa sanduku lake. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye huduma za serikali. Ninyi mmetengeneza akaunti inayodhani kwamba kila mtu ana chombo chake na anakimudu. Asiyekuwa nacho hana njia ya kusaidiwa ila kumpa mtu mwingine nywila, na akishaitoa ametoa kila kitu: cheti, leseni, taarifa za shamba na za biashara.

Ninachoomba ni njia halali ya kumsaidia mtu. Serikali inisajili mimi na wenzangu kwa nambari, ituchunguze kama inavyowachunguza wengine, ituwekee bei iliyobandikwa ukutani, na itupe akaunti zetu wenyewe za usaidizi. Mama wa Olenguruone akija, niingie kwa jina langu, niombe ruhusa ya kumjazia fomu ya cheti cha kuzaliwa, naye apate kwenye kabambe yake swali la Kiswahili linalomwuliza kama anamruhusu wakala wa nambari fulani amjazie fomu hiyo, abonyeze moja kukubali au mbili kukataa. Ruhusa hiyo iishe kazi inapokwisha. Nisione cheti chake kingine wala mali yake nyingine. Na kila nilichoandika kibaki na nambari yangu, ili nikimwibia au nikimkosea, aende kwa chifu na kusema ni yule. India imewaweka wajasiriamali wa vijijini katika vituo vya huduma za pamoja tangu mpango wa mwaka 2006, nao hutoa huduma za serikali wakiwa wakala wanaotambulika. Hawakungoja kila mwanakijiji anunue kompyuta.

Najua hofu mliyonayo kuhusu watu wa kazi yangu, na ni hofu yenye msingi. Wapo wenye saiba wanaowatoza wazee mara tatu ya bei, wapo wanaouza nambari za vitambulisho, na wapo waliowahi kuchapa vyeti vya bandia. Lakini watu hao wanastawi kwa sababu kazi yote inafanyika gizani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za mtu azitumie kwa kusudi lililoelezwa na azilinde. Mimi nimezilinda kwa kufuli la dukani. Serikali inayonijua kama biashara ya kawaida ya kuchapa karatasi haiwezi kunidai zaidi ya hapo, ingawa inajua vizuri, kama ninavyojua mimi, kwamba bila saiba nusu ya takwimu zake za matumizi zingeporomoka.

Mkisema kwamba vituo vya kidijitali vinakuja katika kila wadi, nakubali kwamba ahadi ni nzuri: kilomita 100,000 za faiba, sehemu 25,000 za intaneti ya umma, vituo 1,450 kwa wadi zote 1,450 za nchi. Vijengwe. Ila kituo chenye kompyuta bila mtu aliyeajiriwa kukaa na wazee kitakuwa mahali pengine pa vijana kutazamia mpira, na mzee atavuka barabara aje kwangu kama kawaida.

Liko jambo moja ambalo serikali ililifanya vizuri, nami sijui kama waliolifanya walijua. Mbolea ya ruzuku ilipoanza kugawiwa kwa njia ya usajili, waliowaandikisha wakulima walikuwa machifu na manaibu wao, watu ambao mkulima anawajua kwa sura na ambao wanalijua shamba lake. Kisha ujumbe ukafika kwenye simu ya kawaida, naye akaenda ghalani kuchukua mfuko wake wa kilo 50 kwa bei ya ruzuku. Kulikuwa na matatizo, ya foleni na ya wale waliobadilisha nambari za simu, na wazee bado huja kusomewa ujumbe. Lakini hakuna mkulima aliyetakiwa kwanza awe na baruapepe. Nashangaa kwamba mpango wa mbolea uliweza kufikiri hivyo, na vyeti haviwezi.

Nawaomba pia mtuulize mara moja. Mwaka 2019 tulipigwa alama za vidole na picha kwa ajili ya Huduma Namba, nambari moja ya utambulisho kwa kila mtu, nami nilikuwa kwenye foleni hiyo tangu alfajiri. Mnamo Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikatangaza kwamba utoaji wa kadi zake haukuwa halali, kwa kuwa tathmini ya athari kwa ulinzi wa data haikufanywa kwanza. Tangu hapo tumesajiliwa upya kwa haya na yale. Estonia, ambayo imeunganisha hifadhi za ofisi zake tangu mwaka 2001, ilijiwekea kanuni kwamba serikali isimwulize mtu habari ambayo ofisi nyingine ya serikali inayo. Mteja wangu huandikiwa jina la baba yake mzazi mara nne kwa mwaka, na baba huyo alishafariki na cheti cha kifo chake mnacho.

Na mfumo unapozimika, pawe na mlango wa nyuma. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa, huduma za pasipoti, leseni na hata uhifadhi wa tiketi za treni zilivurugika kwa siku kadhaa. Tangu malipo ya serikali yaelekezwe kwenye nambari moja, 222222, kila kitu kinapita kwenye tundu moja la sindano. Ofisi ya chifu na ofisi ya kaunti ndogo ziruhusiwe kisheria kupokea ombi kwenye karatasi, kuligonga muhuri wenye tarehe, na tarehe hiyo ihesabiwe kuwa ndiyo ya kuwasilisha. Vivyo hivyo kwa pesa zinazokatwa huku huduma haijatolewa. Mteja wangu mmoja alikatwa ada na mfumo mmoja, skrini ikagoma, na alipopiga nambari ya msaada alisikilizishwa muziki hadi salio likamwishia. Alikuja kunidai mimi. Nilimlipa, kwa sababu tunakaa mtaa mmoja.

Magavana wetu, neno moja kwenu. Vibali vya biashara na ada za soko ni vyenu, wala hamhitaji ruhusa ya Nairobi kuweka Kiswahili kwenye skrini zenu au kumruhusu Lang'at aandike jina lake. Anzeni na hilo.

Nimebaki na suala la kabati. Madaftari manne yapo, na la tano nimelinunua lakini sijalifungua. Nikiyachoma, kesho asubuhi kuna watu mia kadhaa wa Molo, Elburgon, Keringet na Olenguruone ambao hawataweza kuingia kwenye akaunti zao wenyewe, na wengi wao hawajui kwamba wana akaunti. Nikiyaweka, ninashika siri za watu bila mamlaka yoyote, na mwizi wa usiku mmoja anatosha. Nimeuliza katika ofisi mbili za umma, na katika kila moja nilijibiwa kwamba suala hilo si lao. Naomba anayehusika anijibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, aniambie niyafanyie nini.

Wenu mtiifu,
Mwenye saiba, Molo, Kaunti ya Nakuru